Wiki nne za kuchimba villa ya Kirumi: mwiko umenilipa, kompyuta bado inanidai

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu wanayoniuliza kwanza kila nikisema nilikwenda Italia kuchimba mabaki ya kale kwenye shule ya kiangazi ya akiolojia. Ada ya wiki nne ilikuwa euro 2,300. Ndani yake kulikuwa na kitanda kwenye nyumba ya shamba, chakula cha Jumatatu hadi Ijumaa, bima ya kazini na mafunzo. Viza ya Schengen ni euro 90, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Nauli ya ndege juu yangu. Nusu ya ada nilipata msaada wa masomo, nusu nyingine niliidunduliza kwa miaka miwili ya kuongoza wageni Kilwa Kisiwani, na pengo la mwisho baba alilifunga kwa kuuza mbuzi wake wawili. Kwa hiyo ninapoipima huduma hii, mbuzi wamo kwenye mizani.

Jina la shule nalihifadhi. Nina malalamiko, na wanaohusika ni watu waliokula na mimi meza moja. Isitoshe, shule za kiangazi za namna hii huko Italia ziko nyingi na matangazo yao yanafanana kama mapacha: utajifunza kuchimba kwa mikono, utajifunza kurekodi kidijitali. La kwanza nimelipata kuliko nilivyotarajia. La pili lina maneno.

Villa yenyewe iko Italia ya kati, kwenye mteremko wa mizeituni. Ukisikia "villa" usifikirie nyumba ya Masaki yenye bwawa la kuogelea. Kwa Warumi lilikuwa shamba lenye sura mbili: upande wa bwana, wenye mozaiki, bafu na kuta za rangi, na upande wa kazi, wenye mashinikizo ya kukamulia zeituni na zabibu, vyumba vya watumwa, na mitungi mikubwa kuliko mtu, iliyofukiwa ardhini hadi shingoni, wanayoiita dolia. Nilipangiwa upande wa kazi. Siku ya kwanza nilinuna kimoyomoyo, kwa sababu wenzangu sita walipelekwa karibu na bafu, ambako kila saa unasikia mtu anapiga kelele ameona kipande cha mozaiki. Sisi tulikuwa na udongo wa kahawia. Mwisho wa mwezi nisingebadilishana nao.

Kwanza habari ya mwiko. Orodha ya vifaa ilisema tuje na mwiko wenye ubapa wa inchi 4, uliofuliwa kwa chuma kimoja. Mimi ni mtoto wa mwashi. Nikajiuliza, mtoto wa mwashi anunue mwiko Ulaya? Nikaufunga wa baba kwenye kanga, nikasafiri nao. Siku ya tatu, udongo ukiwa mkavu kama tofali la kuchoma, ukakatika shingoni pale ulipochomelewa. Ubapa ulibaki ardhini, mpini mkononi. Msimamizi wa trenchi yetu, yaani shimo letu la kuchimbia, hakucheka. Aliniazima wa kwake na kunionyesha kwa kidole pale ambapo ubapa, shingo na mkia wa kuingia kwenye mpini ni kitu kimoja. Basi, mwiko wa kupakia udongo wa tofali na mwiko wa kukwangua ardhi ni ndugu, si pacha. Nunueni unaotakiwa.

Kazi ilianza saa 12 na nusu asubuhi na kusimama saa 7 na nusu mchana, jua la Julai lilipokuwa halivumiliki hata kwa mtu wa Kilwa. Unapiga magoti, unaukwangua udongo kwa ukingo wa mwiko ukiuvuta kuelekea kwako, unarudi nyuma kidogo kidogo ili usikanyage ulipokwisha safisha. Lundo likijaa kwenye kizoleo linaingia kwenye ndoo, ndoo kwenye toroli, toroli kwenye kichuguu. Msimamizi alitufundisha kusikiliza. Udongo wa kawaida unanong'ona chini ya mwiko, wenye chokaa unakwaruza, na ule uliojaza shimo la zamani unakuwa mlegevu, mkono unazama kidogo kabla macho hayajaona tofauti yoyote. Mara nyingi mkono wangu ulijua kabla yangu.

Kila kitu pale kinaitwa US, kifupi cha maneno ya Kiitaliano *unità stratigrafica*. Tabaka la udongo ni US. Ukuta ni US. Shimo lililochimbwa kuuiba ukuta nalo ni US, ingawa ukilitazama ni hewa tupu, na udongo ulioingia shimoni baadaye ni US nyingine. Kila moja ina namba yake na fomu yake: rangi kwa kitabu cha Munsell (unaloanisha donge, unalilinganisha na vibandiko vya rangi, unaandika 10YR 4/3 na kubishana na mwenzako), ugumu, kilichomo, kilicho juu yake, kilicho chini yake, kinachokatwa nayo. Halafu namba zote zinapangwa kwenye mchoro mmoja kama ukoo, aliyezaliwa mwisho juu, babu chini. Mchoro huo ulibuniwa na mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973 akiwa Winchester, Uingereza. Jioni moja tulielezwa jinsi mtindo huu ulivyopata nguvu Italia kupitia villa ya Settefinestre huko Toscana, iliyochimbwa chini ya mwanaakiolojia Andrea Carandini kati ya 1976 na 1981, vijana wa Kiitaliano na wa Kiingereza wakiwa trenchi moja. Nilipenda kujua kwamba fomu niliyokuwa naichukia saa 6 mchana ina historia ya kubishaniwa.

Sasa kisa ambacho kwangu peke yake kinatosha nusu ya ada.

Wiki ya pili tulikuwa tunafuata mtaro wa wezi wa mawe. Villa nyingi baada ya kuachwa ziligeuzwa machimbo: watu walichukua mawe, matofali, na marumaru zaidi ya vyote, kwa sababu marumaru ukiichoma unapata chokaa. Mwisho wa mtaro tukakuta utandu mweupe, unene wa vidole vitatu, wenye madonge. Wenzangu wawili waliandika kwenye fomu: lipu iliyoanguka kutoka ukutani. Nikainama. Madonge yalikuwa laini nje kama unga wa muhogo, ila moja lilipovunjika moyo wake ulikuwa mgumu, mweupe unaometa. Niliwahi kuona hivyo mara elfu. Baba akichoma matumbawe kwenye tanuu, yale yaliyokaa pembeni moto haukuyafika vizuri. Ukiyamwagia maji, ganda linafumuka kuwa chokaa na moyo unabaki jiwe. Fundi anayatupa.

Nikasema: hii si lipu. Hii ni chokaa, na haya ni makapi ya tanuu, jiwe lililoiva nusu. Msimamizi aliniangalia, akaomba donge, akalisugua kwa kidole gumba, akalivunja la pili. Kisha akasema tupanue mita mbili kaskazini. Siku iliyofuata tulikuta udongo uliobabuka kuwa mwekundu, mkaa, na ukingo wa mviringo. Tanuu la chokaa. Mtu mmoja, karne kadhaa baada ya bwana wa shamba kusahaulika, alikaa pale akichoma mapambo ya nyumba ya bwana huyo. Fomu ya US ile ina jina langu kwenye nafasi ya mwandishi, na maelezo niliyaandika kwa Kiingereza changu cha wageni wa Kisiwani. Hakuna aliyenisahihisha isipokuwa tahajia.

Usiku nilimpigia baba video. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe kuta." Mchana nilikuwa nimerekodi ukuta wa opus reticulatum, ule wa vijiwe vyenye umbo la piramidi vinavyosukumwa ndani ya chokaa, kitako cha mraba kikabaki nje kimesimama kwa pembe, ukuta mzima ukaonekana kama wavu wa kuvulia. Akautazama kimya. "Na pembeni wamemalizaje? Mawe yaliyolala hivyo hayawezi kukata kona." Nikamwonyesha kona: matofali ya kawaida, yaliyolala sawasawa. "Ehee," akasema, kama mtu aliyekwisha shinda kesi. Nilipomwambia kwamba sakafu za mahali pa maji walichanganya chokaa na unga wa vigae vilivyopondwa ili maji yasipenye, aliuliza vigae vya kuezekea au vya vyungu. Nilicheka, maana kwa Kiswahili vyote ni vigae, na kesho yake nilipomuuliza msimamizi akasema vyote viwili wametumia.

Haya, tuje kwenye kompyuta.

Mwalimu wa kidijitali alikuwa mmoja, wanafunzi 18, totali stesheni moja, ile mashine ya kupimia pembe na umbali. Wiki ya pili mashine hiyo ilipelekwa kwa fundi siku nne. Kwa mwezi mzima niliishika mara tano, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nashikilia kioo kinacholengwa na mashine, si mashine. Mtu aliyelipa ada ya kufundishwa vipimo vya kidijitali ana haki ya kuuliza swali, na nililiuliza. Jibu lilikuwa la upole na halikubadilisha kitu.

Fotogrametria ilifundishwa vizuri zaidi, kwa sababu inahitaji kamera tu na subira. Unapigilia vibao vya alama kuzunguka sehemu unayorekodi, miraba nyeusi na nyeupe yenye namba. Kila kibao kinapimwa. Halafu unazunguka ukipiga picha, kila picha ikifunika ya kabla yake kwa asilimia 70 hivi, kabla jua halijatupa vivuli vikali. Programu inatafuta nukta zinazofanana kwenye picha zote na kuujenga uso wa ardhi kwa vipimo vitatu. Sisi tulitumia Metashape. Seti yangu ya kwanza ilikuwa picha 214, na kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Niliiwasha saa 3 usiku. Nilipoamka kuswali alfajiri ilikuwa asilimia 61 na inavuma kama jenereta. Tangazo lilisema "uje na kompyuta yako". Halikusema kompyuta ya namna gani. Wenye mashine nzito walimaliza wakaenda kula gelato. Juu ya hapo, nyumba za Italia kwa kawaida zina mkataba wa umeme wa kilowati 3, kwa hiyo mpishi akiwasha oveni, mtu akiwasha mashine ya kufulia, na sisi tumechomeka kompyuta 12, giza. Niliwaambia wenzangu kwamba nimesafiri kilomita elfu kadhaa kuja kukatikiwa umeme.

Makosa yalinifunza kuliko mihadhara. Mara moja nilibadilisha namba za kibao cha 4 na cha 5 kwenye jedwali. Programu ikaniambia kosa ni mita 1.8, na sakafu ya Kirumi ikainama kwenye skrini kama dau lililopakiwa upande mmoja. Mara nyingine, kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa mazoea ya nyumbani nilichagua EPSG 32737, namba ya mfumo wa vipimo vya ramani wa kanda ya 37 Kusini tunayotumia pwani yetu, badala ya 32633 ya Italia ya kati. Nikaitafuta villa kwenye ramani. Ilikuwa imezama Bahari ya Hindi, kusini kabisa, Madagaska imeachwa mbali nyuma. Tangu siku hiyo namba hizo mbili naweza kuzitaja usingizini.

Lakini kosa kubwa halikuwa la namba. Wiki ya tatu mimi na mwenzangu tulirekodi kipande cha sakafu ya udongo kando ya shinikizo. Modeli ilitoka nzuri mno: kila kokoto, kila ufa, unaizungusha hivi na vile. Msimamizi akaja, akaisifu, akauliza: tabaka hili la kijivu linapita juu ya hili jekundu au chini yake? Tukazungusha tena. Tukakuza. Mpaka kati ya matabaka mawili haukuwepo, kwa sababu asubuhi ile, kwa hamu ya picha safi, tulipiga brashi mpaka tukaufuta. Tulikuwa tumerekodi kwa usahihi wa sentimita 2 kosa letu wenyewe. Fomu ya karatasi ilikuwa tupu sehemu ya "inafunikwa na". Tulisema tungeijaza jioni tukitazama modeli. Hapakuwa na jioni ya kuirudisha.

Alichofanya msimamizi ni kutupa karatasi ya plastiki ya kuchorea, penseli ngumu, futi kamba, uzi na timazi, tukachora ukuta wa trenchi kwa mkono, kipimo cha 1:10. Ukuta wa mita nne ulitula muda wa saa tatu na nusu. Timazi na pima maji nimevishika tangu utoto, kwa hiyo hapo ndipo nilipoonekana mtaalamu. Ukichora, kila mstari unakulazimisha useme: hapa panaisha kitu, hapa panaanza kingine. Kamera haikulazimishi kusema lolote. Kama tangazo la shule lingekuwa mikononi mwangu, siku hiyo ya penseli ndiyo ningeiweka mbele, na droni ningeibandika chini.

Mengine kwa ufupi. Kuosha vigae kwa mswaki kila alasiri kunachosha, ila mafunzo ya kuvitambua yalikuwa mazuri. Malazi masafi, watu wanne chumba kimoja, mbu wachache kuliko kwetu. Chakula: nilieleza kabla ya safari kwamba sili nguruwe, na siku mbili za kwanza kila sufuria ilikuwa naye. Siku ya tatu mpishi, mama mtu mzima asiyejua neno la Kiingereza, alinipikia dengu peke yangu na akasimama kuhakikisha nimekula. Kuanzia hapo sikupata shida. Chai hakuna, ile waliyoiita chai ilikuwa maji ya uvuguvugu na mfuko pembeni. Nendeni na majani yenu na hiliki. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali hayalipishwi, hivyo nilikwenda Palazzo Massimo, Roma, kuona kuta za bustani zilizobanduliwa kutoka villa ya Livia, mke wa Kaisari Augusto. Miti, ndege, makomamanga, chumba kizima kimezunguka. Nilikaa mpaka mlinzi akanitazama.

Mezani usiku mmoja waliniuliza kama Warumi waliwahi kusikia habari zetu. Niliwatajia Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania (jina la kale la pwani yetu) inayotajwa kwenye mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, na shanga za Kirumi alizoandika Profesa Felix Chami kutoka delta ya Rufiji. Maswali yalikuwa mengi mpaka pasta ikapoa.

Lalamiko langu la mwisho ndilo zito. Italia huchimbi bila kibali cha Wizara ya Utamaduni, na kinachotoka ardhini ni mali ya serikali. Sina ubishi na hilo. Hata kwetu ni hivyo. Tatizo ni kwamba siku ya mwisho kabisa ndipo tulipoambiwa kuwa picha na modeli zetu nazo zinabaki kwao, hatuwezi kuzichapisha wala kuzionyesha mtu anapotuomba mfano wa kazi. Nilirudi na cheti. Metashape tuliyojifunzia ilikuwa ya leseni ya shule. Ukifika nyumbani una majaribio ya siku 30, halafu toleo la Professional, ambalo ndilo linalokubali vibao vya vipimo, ni dola 3,499. Hakuna aliyetufundisha OpenDroneMap, programu ya kazi hiyo hiyo, ambayo ni ya bure na vibao inavikubali. Nilikuja kuijua mwenyewe Kilwa, kwa bando la usiku. Kabla ya kulipa shule yoyote, wadai kwa maandishi majibu ya mambo matatu: mashine ni ngapi kwa wanafunzi wangapi, kompyuta iwe na RAM kiasi gani, na faili zipi utaondoka nazo. Na kama unachotafuta ni kompyuta tu, usiende. QGIS ni bure na utaijua ukiwa kwako. Kama unataka mtu wa kukaa kando yako mwezi mzima akikuuliza "umejuaje?" kila unapotaja tabaka, nenda hata ukiazima nauli.

Mwezi uliopita nilijaribu peke yangu. Sikuwa na totali stesheni, basi nikatumia futi kamba, pima maji na timazi ya baba, vibao vinne nilivyochapisha steshenari, na kamera ya simu. Kabla ya picha nilikaa na penseli nikachora kwanza. Nilirekodi banda la uani: ukuta wa matumbawe, viraka vitatu vya vipindi tofauti, saruji ya mwaka juzi juu. Picha 96. Modeli ilikubali, kosa sentimita 2. Baba aliizungusha kwa kidole kwenye skrini, akakagua kona, akaridhika na kona. Kisha akaingiza kichwa ndani ya banda kwenye skrini, akatazama huku na huku.

"Na mbuzi?" akauliza.